Clementine Hakupewa Wimbo

Nilikuwa na miaka 19 nilipomcheka Clementine kwa mara ya kwanza. Tulikuwa kwenye somo la fasihi, saa nane mchana, joto la kulaza mtu. Mhadhiri akaanza kusoma Song of Lawino kwa sauti, pale Lawino anapomchambua mwanamke aliyemchukua mume wake: midomo, nywele, poda, na zaidi ya yote uso. Darasa likavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka hadi machozi, huku nimefunika kidevu kwa mkono kwa sababu wiki hiyo chunusi zilikuwa zimenivamia.

Kama hujakutana na kitabu chenyewe, ni shairi refu la Okot p'Bitek, Mwacholi kutoka kaskazini mwa Uganda, na lilitolewa hapa hapa Nairobi mwaka 1966 na East African Publishing House. Wanaopenda kulisoma kwa Kiswahili wana Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa. Lawino ni mke ambaye hakupitia shule. Ocol, mume wake, amesoma, anamwonea aibu, na amehamishia moyo kwa Clementine, dem wa kisasa anayeongea Kiingereza. Lawino analia, anatukana, anasifu mila za kwao, na anachekesha kuliko mhusika mwingine yeyote niliyemsoma kutoka Afrika Mashariki. Hata wivu wake haufichi. Anautaja mwenyewe.

Sikumaliza chuo. Karo ilikwama nikiwa mwaka wa pili, nikasema nitarudi muhula ujao, na muhula ujao bado haujafika. Siku hizi naandika vitu vya watu kwa malipo, kutoka keja ya chumba kimoja Uthiru. Kutoka chuo nilibaki na vitu viwili: kile kitabu, na madoa.

Wenye ngozi nyeusi wanajua hii kitu. Chunusi yenyewe inakaa wiki moja, lakini alama yake inaweza kukaa mwaka. Ngozi ikiumia au ikivimba, seli zinazotengeneza rangi zinashtuka na kumwaga melanini kupita kiasi mahali pale, na jua linaongeza moto. Kadiri ulivyo mweusi ndivyo doa linavyokuwa zito. Mimi nilikuwa nayo kwenye taya zote mbili, kama mtu aliyenidondoshea chai. Kila picha nilikuwa nageuza uso upande, hadi nikagundua kwamba sina upande uliobaki.

Jumamosi moja nikapanda mathree hadi tao, nikashuka, nikakata kuelekea River Road. Kwenye eksibisheni moja, ghorofa ya kwanza, msichana wa umri wangu aliniangalia usoni kabla sijamsalimia.

"Sister, hayo madoa ni kitu kidogo."

Akatoa mkebe mweupe wa plastiki usio na maandishi yoyote. Akachota krimu ya njano kwa kijiko cha chai, akajaza kichupa kidogo, akafuta mdomo wake kwa tishu.

"Soo tatu. Wiki mbili tu, utakuwa rangi ya thao."

Nikamuuliza kuna nini ndani. Akacheka bila ubaya. "Ni mix. Kila mtu anaitumia."

Nikatoa soo tatu. Nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kumkosoa mtu yeyote hapa. Nililipa, nikasema asante, nikaweka kichupa kwenye mkoba.

Nikiwa narudi nilishuka Kangemi kumwona Auntie, dada mkubwa wa mathe, ambaye alinilea miaka yangu ya shule ya msingi. Mashavu ya Auntie yana rangi ya kijivu inayoelekea bluu, kama karatasi iliyomwagikiwa wino kisha ikakauka. Vifundo vya vidole vyake ni vyeusi kuliko mikono. Sisi watoto tulikua tukijua hivyo ndivyo alivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu nyumbani kwetu uso wa mtu mzima hauulizwi.

Nilipotoa simu kwenye mkoba, kichupa kikadondoka. Auntie akakiokota, akakifungua, akanusa.

"Nani amekupimia hii?"

Nikamwambia.

"Hata yangu haikuwa na jina," akasema, na akakaa nacho mkononi muda mrefu.

Usiku ule nilitoa kitabu nikasoma upya sehemu ya Clementine. Sikucheka. Kitu nilichokiona ni kwamba Lawino, akiwa katikati ya matusi yake, anagusa ukweli ambao darasa letu liliupita mbio. Anasema ngozi ya uso wa mwenzake imeharibiwa na dawa fulani. Uso umebaki laini na mwekundu kama wa mtoto aliyezaliwa leo, ilhali shingo na mikono bado ni ya binadamu wa kawaida. Huyo si mwanamke aliyejipamba akakosea. Huyo ni mgonjwa. Lawino ameona dalili zote, tena kwa jicho kali kuliko daktari, lakini hana swali linalofuata. Dawa gani?

Najua utetezi wake. Mwaka 1966 Kenya ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, Uganda minne. Okot alihitaji uso wa Clementine uwe ishara: hivi ndivyo msomi wa Kiafrika anavyofanana akijichukia. Kama ishara, uso ule unafanya kazi. Miaka zaidi ya 50 baadaye bado unachekesha darasa la watu waliozaliwa enzi ya Kibaki. Na Lawino ana haki ya hasira yake, maana ni yeye anayeambiwa kila siku kwamba ngozi yake na chakula chake ni ushenzi.

Shida ni kwamba ishara haina figo, na mtu anazo mbili.

Mwaka 1972, miaka sita tu baada ya kitabu kutoka, jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa madaktari waliokuwa wanafanya kazi hapa Nairobi. Walikuwa wamechunguza watu wazima 60 wenye ugonjwa wa figo ule unaofanya protini ivuje kwenye mkojo na mwili uvimbe. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanatumia krimu za kupunguza weusi zilizokuwa na zebaki. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza melanini, ndiyo maana uso unaonekana kung'aa. Lakini haikai usoni. Inapenya, inaingia kwenye damu, na inafika kwenye figo. Baadhi ya wale wagonjwa walipoacha krimu walipata nafuu.

Mji mmoja, miaka ile ile, krimu za aina ile ile. Mshairi aliona uso, madaktari wakaona mkojo. Mmoja alipata wasomaji kizazi baada ya kizazi, na wale wengine wakabaki kwenye maktaba. Sijawahi kukutana na mwalimu wa fasihi anayefundisha maandishi hayo mawili pamoja, na mimi naona hayawezi kutenganishwa. Ukisoma shairi peke yake, unajifunza kwamba mwanamke anayepaka krimu ni wa kuchekwa. Ukisoma utafiti peke yake, humjui mwanamke mwenyewe, ni namba tu kati ya 60.

Kuna jambo jingine ambalo nimelifikiria sana. Okot, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa mkarimu wa nyimbo. Alimpa Lawino wimbo. Ocol, mume asiyefaa, akapewa wake wa kujibu. Mfungwa alipewa wimbo. Malaya alipewa wimbo, tena wenye kiburi kizuri. Clementine hakupewa. Kila tunachokijua kuhusu uso wake tunakipata kutoka kwa mke mwenzake, na maneno ya huyo mke mwenzake yameandikwa na mwanamume. Hatujui kwa nini alipaka. Labda alitaka kufanana na mzungu, kama Lawino anavyodai. Labda alikuwa na madoa, mtu akamwambia ni kitu kidogo. Kitabu hakina nafasi ya kutofautisha hao wanawake wawili, na sisi tuliorithi kicheko chake hatuna nafasi hiyo pia. Kwetu kuna mtu wa asili na kuna mtu wa kujichubua, basi. Anayetaka tu taya yake ifanane na paji lake la uso hana jina.

Mtu asiye na jina anaenda kununua kwa siri. Na vitu vya siri huuzwa bila lebo. Hapa ndipo kicheko kinapomfaidi mwenye mkebe mweupe. Nani atarudi kulalamika kwamba krimu ya kujichubua imemchubua?

Sasa nizungumzie lebo, kwa sababu nayo ni maandishi na inastahili kusomwa kama tunavyosoma shairi. Kichupa cha soo tatu sikukitumia. Auntie alibaki nacho. Badala yake nilikusanya pesa za kazi mbili nikanunua, kwenye duka la dawa Westlands, krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 10. Sipigii debe kampuni yoyote, ndiyo maana sitaji jina. Nilichokipenda kwanza ni kwamba kila kitu kilichomo kimeandikwa, hadi tarehe ya kuharibika na jina la aliyeitengeneza.

Asidi ya azelaiki ni kitu cha kawaida. Iko kwenye nafaka kama ngano na shayiri, na hata kuvu wadogo wanaoishi kwenye ngozi zetu huitengeneza. Madaktari huandika ya asilimia 15 au 20. Inapunguza kasi ya kimeng'enya kinachotengeneza melanini, na inasaidia kuzuia chunusi zenyewe. Lakini kinachonivutia kama msomaji ni tabia yake: inazilenga zaidi seli zilizoshtuka, zile zinazofanya kazi kupita kiasi, na ngozi ya kawaida iliyo pembeni haiigusi sana. Ukiipaka kwa matumaini ya kuwa rangi ya thao, itakuangusha. Inajaribu kukurudisha ulipokuwa.

Linganisha na vile vingine. Haidrokwinoni hupunguza rangi kweli, lakini ikitumiwa miaka, bila daktari, inaweza kugeuka na kuacha weusi wa bluu unaoitwa okronosisi. Madaktari wa Afrika Kusini walikuwa wameshauandika mwaka 1975. Nilipoona picha zake niliziona zikiwa na mashavu ya Auntie. Krimu za steroidi kali, kama klobetasoli, zinalainisha uso haraka, kisha ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, na ukiacha chunusi zinarudi kwa hasira. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kwa miaka mingi sasa. Mwaka 2023, nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe kufikia 2025. Karatasi zipo. Mkebe mweupe hausomi karatasi.

Nikuambie pia nilivyoitumia, maana insha nyingi za ngozi zinakuacha mlangoni. Nilipaka kidogo ndani ya mkono siku tatu, kuona kama itaniwasha vibaya. Halafu usoni usiku, kiasi cha punje ya maharagwe, siku moja ndiyo siku moja hapana, na mafuta ya kawaida juu yake. Iliwasha kidogo wiki ya kwanza, kama pilipili ya mbali, na hiyo ni kawaida. Ingechoma au kuvimbisha ningeacha, kwa sababu muwasho mkali kwenye ngozi nyeusi huzaa doa jingine. Asubuhi sanskrini ya SPF 30, hata siku za mawingu ya Julai, kwani bila hiyo ni kama kupiga deki huku bomba linavuja. Sikuchanganya na asidi nyingine. Na nilingoja. Wiki ya nne sikuona kitu. Kufikia wiki ya kumi na mbili, taya zangu zilikuwa zimeanza kukubaliana na uso wote.

Miezi mitatu. Yule msichana wa eksibisheni alinipa wiki mbili. Siku hizi naanza na hiyo tofauti: anayeniahidi haraka ananiuzia kitu kikali kuliko anavyosema.

Maneno yenyewe yanastahili kuchunguzwa pia. Kiswahili ni kinyoofu kuliko pakiti. Kuchubua ni kutoa ngozi, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye lami, kwa hiyo mtu akijichubua neno limeshakuonya. Watanzania wakasema mkorogo, na ukisikia tu unaona kijiko kikizunguka kwenye kitu ambacho hakuna anayekijua. Kwenye pakiti za Westlands nilikuta neno laini zaidi: kung'arisha. Hilo silo la kuaminiwa haraka. Taa inang'aa, kiatu kinang'aa, meno yanang'aa. Uso wangu haukuwa umezimika. Hata kampuni yenye lebo safi inajua kwamba kuna mteja wa madoa na kuna mteja wa weupe, na imetafuta neno moja la kuwauzia wote wawili bila kumuuliza yeyote anataka nini.

Utaniuliza kama mimi nami si Clementine aliyejifunza majina ya asidi. Nimejiuliza. Pale eksibisheni, aliposema rangi ya thao, sikumwambia hapana. Kuna sehemu yangu ilisikia na ikakaa vizuri kwenye kiti. Nimekulia kwenye mji ambapo msichana mweupe kidogo anapewa bei ya noti na sisi wengine tunapewa pole. Kwa hivyo sidai kwamba nina moyo safi kuliko Clementine. Nadai tu kwamba nilipata nafasi ya kusoma chupa kabla ya kuifungua, na niliipata kwa sababu Auntie aliitambua harufu.

Bado nampenda Lawino. Nikirudi darasani leo ningemtetea kwenye kila jambo isipokuwa hili moja. Ningemwomba mhadhiri asimame pale kwenye dawa, kabla hatujacheka, aulize ilikuwa na nini.

Jumapili iliyopita nilimbebea Auntie kitabu. Alikuwa anachambua sukuma wiki kwenye baraza. Nikamwambia kuna mwanamke mle ndani ningependa amjue, na nikamsomea, nikitafsiri hapo kwa hapo, polepole, nikiogopa. Alisikiliza bila kuinua macho. Kwenye uso na shingo mkono wake ulisimama.

"Halafu huyo dada anajibu nini?"

"Hajibu, Auntie. Hana sehemu yake."

"Kitabu chote?"

"Kitabu chote."

Akatupa mashina kwenye ndoo. Halafu akaanza kuongea, bila kuniangalia. Ilikuwa mwaka aliopata job ya mapokezi kwenye ofisi moja ya tao. Bosi alimwambia wageni wanapenda uso mchangamfu. Rafiki akamwelekeza duka. Mwezi wa kwanza kila mtu alimsifu, hata kanisani. Alipoanza kuona weusi unarudi, akaongeza. Ukizidi, anaongeza. Aliacha siku ambayo mtoto mmoja kwenye mathree alimuuliza mama yake kama yule auntie amechomeka. Nilihesabu miaka kichwani. Mtoto anayefuata kumuuliza ningekuwa mimi.

Nilimweleza ukweli ninaoujua: krimu yangu si ya shida yake, okronosisi ni ngumu kuitibu, na daktari wa ngozi ndiye wa kumwona, pamoja na kupima mkojo. Alinyamaza. Nilidhani nimemkosea heshima.

Kisha akaingia ndani. Akarudi na mfuko wa karatasi wenye kile kichupa changu cha soo tatu na, chini yake, mkebe mdogo wa zamani, kifuniko kimepasuka, mabaki ya krimu yamekauka rangi ya udongo. Alikuwa ameuweka miaka yote hiyo.

"Daktari atataka kujua ni dawa gani," akasema. "Utanisindikiza Alhamisi?"